Sementi ya Wageni

Juzi juzi mwanangu anayekaa Kasese, kule upande wa Bulembia, alinijia hapa Bwera na gari limejaa mchanga na mifuko ya sementi. Hakunipigia simu. Alitaka nione tu gari limeingia. Mimi nilikuwa nimekaa barazani nachambua maharage, vijana wakaanza kushusha, mfuko mmoja ukapasuka na vumbi lake likanifika puani. Ungo ukaniponyoka. Maharage yakaenda kila mahali, kuku wakaona leo ni sikukuu. Nikamwuliza mtoto wangu, na ile sauti haikuwa yangu, "Nani amekufa?"

Akacheka. "Mama, hakuna aliyekufa. Nimekuja kukuwekea sakafu."

"Sakafu ya nani?"

"Yako. Ya kukanyaga wewe."

Alidhani nafanya mzaha. Sikufanya mzaha.  Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye milima hii, nafikiri mnajua ninachosema. Zamani zetu sementi ilikuwa na siku yake, na siku yake haikuwa nzuri. Hata leo hapa kijijini ukiona mtu anapiga plasta ukuta wake ghafla, bila arusi na bila mtoto wa kuposwa, unauliza taratibu, nani anaumwa mule ndani.

Mimi sikusoma sana. Shuleni nilifika darasa la pili, nikatolewa nishike jembe. Kiswahili hiki nimekiokota sokoni Mpondwe, mpakani, kwenye biashara ya chumvi, katikati ya watu wa ng'ambo ya Kongo, kwa hiyo kikichechemea mnisamehe, mwendo wake ndio huo. Lakini jambo hili nimelibeba tangu nikiwa mtoto asiyejua hata kujifunga nguo vizuri, na sijapata kulitua. Ngoja nilitue hapa.

Baba yangu alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, juu kidogo ya mto Lhubiriha, kwenye mteremko ambao ukisimama mlangoni unaona Kongo yote imelala upande wa pili. Mabati aliyaweka mapema. Katika kilima chetu chote sisi tulikuwa wa kwanza kuwa na mabati, na mvua ikinyesha tulikuwa hatusikilizani, na baba alipenda hivyo, alikuwa anakaa kimya anaisikiliza mvua kama mtu anayesifiwa. Lakini chini ya yale mabati hapakuwa na kitu. Kuta zilikuwa matofali matupu, nyufa zinapitisha mjusi. Sakafu ilikuwa udongo. Madirisha yalikuwa matundu yaliyozibwa kwa magunia.

Na si kwamba madirisha hayakuwepo. Hilo ndilo jambo. Madirisha yalikuwepo. Baba alikuwa ameyanunua, ya vioo, ya mbao nzuri, yakaja juu ya vichwa vya watu kutoka barabarani, akayaegemeza ukutani chumbani kwake na mama, karibu na kitanda, yamefunikwa blanketi kuukuu. Mlango mzuri pia ulikuwepo, umelala chini ya kitanda. Yalikaa pale mpaka mimi nikazaliwa, nikatambaa, nikaota meno, yakiwa pale pale. Sementi nayo alinunua, akaiweka kwenye pembe ya jikoni. Sasa sementi haina subira kama mbao. Ilivuta unyevu wa ile sakafu ya udongo, ikaganda ndani ya mifuko yake. Karatasi ikaoza ikatoka, yakabaki mawe yenye umbo la mfuko, hata mikunjo ya karatasi ilikuwa inaonekana. Tuliyatoa nje, yakawa viti vyetu. Mimi nimejifunza kumenya ndizi nimekalia mfuko wa sementi.

Ukimuuliza baba kwa nini, jibu lake lilikuwa moja. "Nyumba inaenda wapi? Haikimbii." Kahawa ikivunwa, ananunua kipande cha shamba. Pamba ya kule bondeni ikiuzwa, ananunua mbuzi. Nyumba itangoja, itaisha yote siku moja, na siku hiyo watu watakuja waone.

Mama alikuwa mtu wa ng'ambo, wa upande wa Beni. Alifanya biashara ya chumvi. Ilitoka Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi, aliitandaza chumbani juu ya mikeka kabla ya kuipeleka soko. Na chumvi juu ya udongo, mnaijua, inalia. Asubuhi unakuta mkeka umelowa, nusu ya jasho lako imekwenda ardhini. Halafu lile vumbi. Miguu yetu watoto ilijaa funza, kila Jumamosi mama anatukalisha kwenye yale mawe ya sementi anatuchokoa kwa pini, sisi tunalia, yeye mwenyewe anakohoa. Baridi ya mlimani ilipita kwenye magunia kama hayapo.

Nakumbuka jioni moja wamekaa wanakula bundu, ule ugali wa muhogo, na samaki, mama akasema, "Baba Masika." Alimwita hivyo, kwa jina la dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa ameshaolewa. "Baba Masika, ile madirisha inangoja nini mule ndani? Weka moja tu. Ya upande wa kichwa changu."

"Nikiweka moja watu watasema yale mengine yamenishinda."

"Watu beko wapi? Mimi ndiyo niko hapa."

"Tutaweka yote. Nyumba ikiisha utafurahi wewe mwenyewe."

"Itaisha mimi nikiwa wapi?"

Baba akacheka, samaki mkononi. "Utakuwa wapi tena? Si hapa hapa."

Mimi mtoto nilikuwa na maelezo yangu. Nilikuwa nimeona baba anafukia ndizi za pombe kwenye shimo, anazifunika majani, anangoja ziive. Basi nikaamini madirisha nayo yanaivishwa. Ndiyo maana yamefunikwa blanketi. Kila siku chache nilikuwa naingia nafunua pembe ya blanketi naangalia kama yameiva, naona uso wangu kwenye kioo, narudisha. Vioo vilikuwa safi sikuzote. Nilikuja kujua baadaye kwamba mama alikuwa anavipangusa. Jumamosi, akimaliza funza zetu, anaingia chumbani anavifunua, anavipangusa kwa kitambaa, anavifunika tena. Madirisha yasiyoangalia popote. Nikifikiria hilo sasa hivi, nikiwa mzee, kinanipanda kitu, sijui ni hasira au ni nini.

Sasa mama akaumwa. Alinyeshewa njiani akiwa na mzigo wa chumvi, kikohozi chake kikashuka kifuani, akawa anapumua kama anayevuta gunia. Wakambeba mpaka barabarani, gari likampeleka hospitali Kasese. Mjomba, kaka yake mama, akavuka mpaka akaenda kukaa naye kando ya kitanda. Baba alikuwa anakwenda na kurudi, kwa sababu ya mbuzi na kwa sababu yetu watoto. Simu hazikuwepo, habari ilikuja na mtu.

Mtu aliyekuja alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba. Huyu alikuwa amewahi kuwa askari, na ingawa jeshi lilikuwa limemwacha zamani, yeye hakuwa ameliacha. Sisi tulimwita Afande na akaitika. Alikuja asubuhi kutoka Kasese, hakuketi, hakunywa maji. Akamvuta baba kwenye migomba. Mimi nilikuwa nafagia, nikawaona. Baba mkubwa alisema maneno machache. Baba akaweka mikono miwili juu ya kichwa, akazunguka, akashika mgomba. Halafu Afande akamsemesha kwa nguvu zaidi na hayo niliyasikia.

"Lia baadaye. Sikia mimi. Watu wake watakuja kutoka Beni. Watu wengi. Watakuta nini hapa? Watasema dada yetu alikuwa analala kwenye zizi. Hii nyumba iishe. Leo na kesho. Fanya."

Mimi nikakimbia nikamwuliza, "Afande, nani anakuja?"

Akaniangalia. Nafikiri hakujua aniweke wapi. "Wageni," akasema. "Watu wa mama yako. Lete maji."

Basi nyinyi jazeni wenyewe. Mtoto ameambiwa watu wa mama wanakuja, nyumba iishe. Nani atakuja na watu wa mama kama si mama? Madirisha yameiva, nikasema moyoni. Hatimaye yameiva.

Sijapata kuona kazi kama ile. Ukoo mzima ulitoka. Wanaume walipanda na mchanga kutoka mtoni, sementi mpya ikaja kutoka Kasese, wanawake wakawa mstari wa maji. Fundi alikuwa mtu wa ng'ambo, mwembamba, mwiko wake ameuchomeka kiunoni. Akaitazama nyumba akatikisa kichwa. "Afande, hii ni kazi ya juma nzima."

"Ni ya kesho."

"Plasta inataka ikauke, mzee."

"Iambie ikauke haraka."

Watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha kucheka wote pamoja, jambo ambalo sikulielewa. Baba akatoa madirisha chumbani. Alipofunua blanketi, mbao ya chini ya dirisha moja ilikuwa imeliwa na mchwa, ikabaki unga mkononi mwake. Akakaa nayo pale muda mrefu. Afande akamnyang'anya akaipigilia ubao mwingine. Mimi nilikuwa naruka ruka na kibuyu changu cha maji. Sijapata kuwa na furaha kama ile, nawaambia ukweli, wala siku ya arusi yangu.

Fundi alipofika kwenye sakafu ya sebule nikaenda nikachuchumaa mlangoni. Nikamwambia alainishe vizuri pale kwenye pembe, mama atatandaza chumvi pale.

Akasimamisha mwiko. "Mama gani, mutoto?"

"Mama yangu. Anakuja na wageni."

Fundi alimwangalia baba. Baba alitoka nje, akaenda nyuma ya nyumba. Fundi akashusha macho akailainisha ile pembe, akarudia tena na tena, mpaka ikang'aa kama mgongo wa samaki. Hakuna aliyeniambia kitu. Watu wazima zaidi ya ninavyoweza kuwataja, na hakuna aliyekuwa na mdomo.

Na mambo niliyaona, si kwamba sikuyaona. Niliona Afande anapima mlango kwa fito ndefu, anaigeuza barazani kuona kama itageuka kuingia. Nikafikiri ni kitanda, mama ameletewa kitanda kipya. Niliona viti vinatolewa sebuleni na katikati panaachwa wazi. Nikafikiri watacheza. Niliona kuni za kupikia watu wengi, masufuria ya kuazima kutoka kanisani, wanawake wanakata majani ya migomba bila kuimba. Hilo la kutoimba lilinishangaza kidogo. Nikavaa gauni langu la Pasaka.

Kesho yake mchana gari dogo la kubebea mizigo likapanda kilima kutoka barabara ya Kasese. Wanawake wakasimama. Shangazi mmoja akaweka mikono kichwani akaanza kilio, kile cha kupanda juu, na wengine wakavuta pumzi wampokee.

Mlango wa mbele ukafunguka. Akashuka mjomba. Akageuka akanyoosha mkono ndani ya gari, na ukatoka mguu. Mguu wenye kandambili ya bluu ambayo niliijua, kwa sababu kamba yake niliishona mimi kwa waya.

Kile kilio kilikatika katikati. Sijui niseme vipi. Kilikatika kama kamba ya mbuzi. Shangazi alibaki mdomo wazi, mikono bado iko kichwani. Sufuria moja ikaanguka na ikaachiwa ijizungukie mpaka inyamaze yenyewe.

Mama alikuwa amekonda, shingo imebaki kama kijiti, lakini ni yeye, amesimama. Baba mkubwa aliondoka kule hospitali madaktari wakisema hafiki jioni, akatuletea msiba bila kuungoja; lakini nyuma yake homa ilishuka. Aliomba uji, akanywa, akaomba tena. Mjomba alikuja kutusimulia baadaye kwamba alitafuta mtu wa kutuma habari akamkosa, akasema basi tutakwenda wenyewe wafurahi.

Mama akatuangalia. Akaangalia kuni. Akaangalia masufuria, majani ya migomba, watu wa ukoo wamevaa vizuri katikati ya juma. Akaangalia nyumba. Kuta zilikuwa laini, mlango mzuri umesimama mahali pake, na madirisha yote yanawaka jua la mchana. Aliyaangalia yale madirisha moja moja.

Kisha akauliza, taratibu, sauti haijarudi vizuri. "Nani amekufa?"

Baba alikuwa mbele kabisa.  Afande aliyekuwa na neno kwa kila mtu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Basi nikajibu mimi. Nikamkimbilia nikamshika kitenge. "Hakuna mutu, mama. Tumekutengenezea nyumba. Na Afande alipima mulango kwa fito, kitanda chako kipite."

Nikauona uso wake unaelewa. Mimi sikuelewa alichoelewa, lakini niliona kinaingia, kama mtu anayemeza mfupa. Mjomba naye akaelewa, akamshika mkono. "Rudi ndani ya gari," akamwambia. "Tunaenda kwetu. Leo leo. Hawa watu wamekuzika."

Hapo ndipo niliogopa kwa mara ya kwanza. Mama alisimama kati ya gari na mlango, na mimi nimeshika kitenge, na nilijua, hata kwa akili yangu ndogo, kwamba akigeuka hatarudi.

"Baba Masika," akasema. "Kumbe iliweza kuisha."

 Akautoa mkono wake kwa mjomba, akavua kandambili mlangoni, akaingia. Sisi wote tukasogea mlangoni na kwenye madirisha. Akaenda mpaka katikati ya sebule, pale palipoachwa wazi. Akajishusha polepole, goti, mkono, nyonga, akalala chali juu ya sementi ambayo ilikuwa bado na ubaridi wa maji. Akanyoosha miguu. Akaweka mikono ubavuni. Akafumba macho.

 Shangazi yangu alianza kusali kwa kunong'ona.

Baba akaingia. "Mama Masika, inuka. Nakuomba. Inuka."

"Acha kwanza," mama akasema, macho yamefumbwa. "Si hapa ndiyo mulisema nitalala? Mimi nataka kupajua nikiwa na mugongo wangu." Akakaa hivyo. Kisha akapapasa sakafu kwa kiganja, kushoto na kulia, kama anavyopapasa chumvi kujua kama imekauka. "Iko baridi kidogo. Lakini iko muzuri. Fundi ni nani?"

Fundi akainua mkono kutoka dirishani kama mwanafunzi.

"Aksanti, papa," akamwambia. Kisha akafumbua macho akaniita nimletee mkeka, na kwa wale wanawake akasema, "Hizo kuni zisirudi. Pikeni. Mulisema wageni, mimi ndiyo mugeni, niko na njaa."

Wakapika. Kile chakula cha matanga yake alikila yeye, sahani ya kwanza. Wengine walikula kama wanameza mchanga. Afande hakula, aliaga akiwa amesimama, akapotea nyumbani kwetu kwa muda mrefu sana. Kesho yake watu wa Beni walivuka daraja la mpakani na vilio vyao, habari ya kufa ilikuwa imewafikia kabla ya habari ya kupona, wakamkuta marehemu amekaa dirishani anachana nywele. Bibi mmoja alianguka pale pale, ikabidi amwagiwe maji.

Baba hakuingia sebuleni ile kwa siku nyingi. Alikuwa anakaa nje kwenye lile jiwe la sementi, nyumba ameipa mgongo. Mama alimpelekea chakula pale pale, hakumtukana, na nafikiri matusi yangekuwa nafuu. Halafu mvua moja kubwa ilimfukuza akaingia, akaketi chini kando ya chumvi, na mama akamsogezea mkeka. Sikumsikia tena akisema nyumba haikimbii. Aliponunua rangi aliipaka siku ile ile, gizagiza linaingia, na nusu ya ukuta akairuka.

Chumvi yetu haikulia tena. Funza ziliisha. Mama aliishi mle mpaka nikaolewa, mpaka nikamletea wajukuu watambae kwenye ile sakafu, na kila asubuhi alifungua dirisha la upande wa kichwa chake kwanza, kabla ya kusali. Alipokuja kufa kweli, tulifagia tu. Hapakuwa na kitu cha kutengeneza.

Sasa nirudi kwa mwanangu na sementi yake, maana nimewaacha juani. Alimaliza kushusha akaniambia, "Mama, tutaiweka stoo kwanza. Tungoje Krismasi, wote tukiwepo, ndipo tuifungue nyumba kwa sherehe."

Nikamwambia mifuko isiingie stoo. Fundi aitwe.

"Kuna haraka gani?"

Kuna haraka gani. Mtoto mzuri, hana ubaya, na maneno ya babu yake yanamtoka mdomoni bila yeye kujua. Nikamkalisha nikamhadithia hivi hivi nilivyowahadithia ninyi, na nilipofika kwenye ile fito ya mlango aliinuka akaenda kumtafuta fundi mwenyewe kwa boda boda.

Sakafu imekauka jana. Nilingoja wote watoke, nikavua kandambili, nikaenda katikati ya sebule, nikajishusha, goti, mkono, nyonga. Mwanangu akarudi kuchukua simu yake akanikuta. Akasimama mlangoni, mikono kichwani.

"Mama," akasema. "Inuka. Nakuomba."

Nikapapasa kushoto na kulia. Iko baridi kidogo. Nikamwambia alete mkeka, na alete mto wake pia, aje alale hapa kando yangu aone mabati yalivyo mazuri ukiyatazama kutoka chini.